Majeraha ya Mkekani: Karate ya Mashindano na Vijana Wetu

Mhadhara uliotolewa mjini Isiolo mbele ya walimu wa karate, wazazi, walimu wa shule na wahudumu wa afya

  

Nimeombwa nijibu swali lililotoka kwa wazazi: watoto wanaoshindana karate huumia kwa kiasi gani? Nitalijibu kwa takwimu zilizopo, kisha nieleze wanaumia wapi na wanaumiaje. Mwisho nitadai jambo ambalo huenda baadhi ya masensei, yaani walimu wa karate, hapa wasilipende. Nadai kwamba wingi wa majeraha katika mashindano huamuliwa na watu wazima, wale wanaotunga kanuni na wale wanaozisimamia, kuliko unavyoamuliwa na ujasiri wa mtoto au bahati yake. Nitazungumza zaidi kuhusu kumite, yaani pambano la watu wawili. Wale wa kata, yaani miondoko inayoonyeshwa bila mpinzani, wanisamehe. Magoti yao nayo yana habari ndefu, lakini leo muda hautoshi.

Hoja ya kwanza: majeraha ni mengi, na mengi ya hayo ni madogo.

Wanaochunguza majeraha ya michezo wana namna yao ya kuhesabu. Mshindani mmoja akiingia katika pambano moja, huhesabiwa kuwa amejiweka hatarini mara moja. Pambano lina watu wawili, kwa hiyo linaandikwa mara mbili. Mapitio ya tafiti za karate yaliyochapishwa mwaka 2018 yalipata wastani wa majeraha yapata 88 kwa kila mara 1,000 za namna hiyo. Mara 1,000 ni mapambano 500. Basi kwa kila mapambano matano au sita, tegemea jeraha moja.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Tuseme tumeandaa mashindano ya siku moja hapa mjini, washindani 64 katika makundi manane ya umri na uzito, kila kundi watu wanane, anayeshindwa anatoka. Kila kundi litakuwa na mapambano saba, jumla 56, yaani mara 112 za kujiweka hatarini. Kwa kiwango nilichotaja, tutarajie majeraha kama 10 kabla ya jua kutua. Naona mama mmoja pale nyuma amegeuka kumtazama mwanawe. Subiri kidogo, mama, sijamaliza.

Katika hesabu hiyo, hata damu iliyovilia chini ya jicho imo. Imo pia midomo iliyochanika na pua iliyotoka damu kwa dakika mbili. Mapitio hayohayo yanaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya majeraha ni ya aina hiyo: michubuko, damu kuvilia na ngozi kupasuka. Mifupa kuvunjika na viungo kuteguka vipo, ila ni vichache. Tena viwango hivi vimetoka kwenye mashindano, ambako watu wanapigania medali. Tukiwatazama wanaofanya mazoezi ya kawaida kwa mwaka mzima, picha inatulia. Watafiti wa Ufaransa waliwauliza wanakarate 186 wa mji wa Brest, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: asilimia 28.5 waliumia angalau mara moja katika mwaka uliotangulia. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2005, ulilinganisha mitindo mitano ya michezo ya kujihami. Walioumia kwenye taekwondo walikuwa asilimia 59, aikido 51, kung fu 38, karate 30, na tai chi 14. Tafiti mbili, nchi mbili, na jibu la karate ni lilelile: kati ya watu kumi, watatu hivi huumia kwa mwaka.

Nasema haya kwa sababu wapo wazazi mjini hapa wanaomkataza mtoto karate kwa kuogopa kuumia, kisha asubuhi wanampandisha bodaboda ya watu watatu, bila kofia, kutoka Kiwanjani hadi shuleni. Sitaendelea na hilo. Waliocheka wamejijua.

Hoja ya pili: jeraha la karate lina anwani, na anwani yake ni uso.

Ukichukua majeraha yote ya mashindano, zaidi ya nusu yako kichwani, usoni na shingoni. Sababu iko katika jinsi pointi zinavyotolewa. Ngumi inayofika vizuri hupewa pointi moja, yuko. Teke la kiwiliwili ni pointi mbili, waza-ari. Teke la kichwani ni tatu, ippon, sawa na kumwangusha mwenzako na kummalizia kwa pigo akiwa chini. Teke lina malipo makubwa, lakini ni la polepole na ukikosea unabaki umesimama kwa mguu mmoja. Ngumi ya mkono wa mbele, kizami zuki, ni nyepesi na husafiri njia fupi. Kwa hiyo washindani huirusha tena na tena kulenga uso.

Hapo ndipo hesabu ya umbali inapoharibika. Mpigaji amefunzwa kusimamisha ngumi kwenye ngozi, na amepima umbali kwa mtu aliyesimama. Lakini mwenzake naye ameamua sekunde hiyohiyo kuingia mbele na ngumi yake. Ule uso uliokuwa mbali hatua moja sasa unaifuata ngumi wenyewe. Hakuna aliyekusudia ubaya, na pua imevuja damu. Masensei mnaitikia kwa vichwa, mmeiona.

Niwaonyeshe mambo mawili ya kufanya, maana ndiyo mtakayokutana nayo zaidi. Kwanza pua. Mtoto akitoka damu puani, watu humwinua kidevu atazame juu. Msifanye hivyo, damu itashuka kooni na atatapika. Mketishe, mwinamishe mbele kidogo, abane pua sehemu ile laini, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, akipumua kwa mdomo. Damu ikikata, chungulia ndani kwa tochi ya simu. Ukiona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, umeota kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, huyo aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka. Damu iliyokusanyika pale huua gegedu la pua, na pua hubonyea maisha yote.

Pili, jino. Jino la ukubwani likingʼoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo tu, usilisugue wala kulifunga kwenye tishu. Lirudishe tunduni palepale, mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa mkimbie kwa daktari wa meno. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye thamani. Maziwa sidhani kama yatakosekana Isiolo. Jino la utotoni halirudishwi. Kinga ya meno ni lazima katika kanuni za shirikisho la dunia, WKF, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kutengenezewa jino bandia. Anayepanda mkekani bila hiyo asiruhusiwe kuanza, hata awe mtoto wa nani.

Hoja ya tatu: jeraha la kuogopwa halitoi damu.

Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, karate ilikuwa inafikia fainali yake ya mwisho katika Olimpiki yake ya kwanza. Uzito wa zaidi ya kilo 75, wanaume. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi 4 dhidi ya 1 za Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi alirusha teke la juu, likampata Ganjzadeh kichwani, naye akaanguka na kubaki mkekani. Alitolewa kwa machela, amefunikwa barakoa ya oksijeni. Waamuzi wakashauriana, wakaamua hansoku: teke lilikuwa na nguvu kupita kiasi, aliyepiga ameondolewa. Ganjzadeh alipata fahamu akiwa chumba cha matibabu, ndipo akaambiwa kwamba yeye ni bingwa wa Olimpiki. Hamedi alipewa medali ya fedha.

Dunia nzima ilibishana kuhusu medali. Mimi niliyemtazama kwa jicho la tabibu nilivutiwa na jambo jingine: jeraha lile lilitambuliwa upesi kwa sababu mtu alizimia mbele ya kamera. Mitikisiko mingi ya ubongo haiji hivyo. Wengi wanaoipata hawazimii kabisa. Kijana anapigwa, anayumba kidogo, anasema yuko sawa, anamaliza pambano. Baada ya robo saa anauliza mara mbili kwamba pambano lijalo ni la nani. Kichwa kinauma, mwanga unamkera, anachelewa kujibu, analia au anakasirika bila sababu. Anasikia kichefuchefu. Usiku hapati usingizi au analala kupita kawaida. Hizo ndizo dalili, na hata moja inatosha kumtoa.

Kanuni ya wataalamu wa michezo duniani, iliyothibitishwa tena katika kikao chao cha Amsterdam mwaka 2022, ni kwamba anayeshukiwa kupata mtikisiko harudi mchezoni siku ile. Hata akiomba, hata kama ni fainali. Apumzike kwa utulivu saa 24 hadi 48, halafu atembee, halafu akimbie polepole, kisha mazoezi ya peke yake, na kila hatua ichukue angalau siku moja. Mazoezi ya kupigana ni ya mwisho, na yanangoja ruhusa ya mtabibu. Kwa mwanafunzi, darasa hutangulia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akishikwa na degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au akawa mgumu kuamka, msingoje kuche. Hospitali, saa hiyohiyo. Nawasemesha hasa mnaotoka Garbatulla na Merti: mashindano yakifanyika huko, gari la kumleta mgonjwa mjini lipangwe kabla pambano la kwanza halijaanza.

WKF ina sheria ya sekunde 10. Mshindani akianguka na asipate kusimama sawasawa ndani ya sekunde hizo, anahesabiwa hafai kuendelea, na hapigani tena kumite katika mashindano yale yote. Ni sheria nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inamkamata aliyeanguka tu. Aliyesimama huku ubongo umetikisika anabaki mikononi mwa sensei wake, na sensei anataka medali. Naye kijana atakuficha dalili zake. Wengi wetu hapa, Wasamburu na Wameru mnisahihishe, tumelelewa kwamba jandoni mvulana hapepesi jicho. Malezi hayo yana heshima yake. Ila kijana aliyezoezwa hivyo, ukimwuliza mkekani "uko sawa?", jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Mwulize badala yake: tuko ukumbi gani? Nani amepata pointi ya mwisho? Ulipigana na nani kabla ya huyu?

Hoja ya nne: kanuni zikibadilika, majeraha hubadilika.

Hii ndiyo iliyonileta. Daktari Rafael Arriaza wa Uhispania na wenzake waliandika kila jeraha lililotokea katika mashindano matatu ya dunia yaliyofuatana, na mwaka 2005 wakachapisha walichokipata: mapambano 2,837, majeraha 891. Karibu jeraha moja kwa kila mapambano matatu, na sehemu kubwa ni uso uliopigwa ngumi.

Mwanzoni mwa karne hii shirikisho lilirekebisha kanuni. Pigo lisilodhibitiwa usoni na kichwani likaanza kuadhibiwa kwa ukali zaidi. Watafiti walewale wakarudi kuhesabu katika mashindano ya dunia yaliyofuata, na mwaka 2009 wakatoa matokeo: jeraha moja kwa kila mapambano sita hivi. Yamepungua kwa karibu nusu! Vijana walikuwa na damu ya moto ileile, na medali zilikuwa zilezile. Kilichogeuka ni hesabu ya mpigaji, kwamba ngumi ya kupasua mdomo sasa itamgharimu yeye.

Nawarudisha Tokyo kidogo. Wengi walisema Hamedi alionewa, kwamba alikuwa anashinda na amepiga teke safi. Mimi namhurumia, na bado nasema waamuzi walitenda sawa. Mshindani wa fainali ya Olimpiki akiweza kukoseshwa dhahabu kwa teke lisilodhibitiwa, basi mtoto wa miaka 13 wa Bulla Pesa anaweza kupewa onyo kwa ngumi ya puani bila ulimwengu kuanguka. Lakini nimekaa kando ya mkeka mara nyingi, na nimeona jinsi onyo linavyocheleweshwa. Refa anamtazama sensei mwenyeji, anatazama meza ya wageni wa heshima, watazamaji wanapiga kelele "mmalize!", na mkono wake unarudi chini. Pigo la pili linakuja na nguvu zaidi kwa sababu la kwanza halikuwa na bei.

Kanuni zinamlinda refa kwa upande wa pili pia. Anayejifanya ameumia ili mwenzake aadhibiwe, huyo mwenyewe huadhibiwa vikali. Kwa hiyo hofu kwamba ukali utaleta maigizo tayari ina dawa yake ndani ya kitabu. Kinachohitajika ni refa aliyekisoma, na kamati ya mashindano isiyomvuta shati.

Kwa watoto walio chini ya miaka 14 nitasema kwa kifupi: ngumi na mateke ya usoni hayapaswi kugusa kabisa, na barakoa ya uso pamoja na kinga ya kifua si mapambo. Kama mashindano hayana barakoa za kutosha, wapokezane. Kama hazipo kabisa, siku hiyo watoto waonyeshe kata.

Hoja ya tano inahusu mahali tunapofanyia mazoezi, na nitaipitia haraka.

Mkeka wa mashindano una mita 8 kwa 8, na mita moja ya usalama pande zote. Vijana wetu wengi wanazoea sakafu ya saruji au uwanja wa vumbi. Kichwa cha anayefagiliwa miguu kwenye saruji hukutana na saruji. Basi ashi barai, yaani huko kufagiana miguu, na kuangushana kufundishwe juu ya magodoro au mchanga mwingi, au kusifundishwe. Vidole vya mikono huvunjika kwa kuzuia teke kwa kiganja kilicho wazi, fungeni ngumi. Joto letu nalo lina sehemu yake. Kijana anayekataa maji tangu jana ili aingie kundi la chini ya kilo 60 anapanda mkekani akiwa mzito wa kufikiri na mwepesi wa kupigwa. Wakati wa Ramadhani, mazoezi ya kupigana yawekwe baada ya futari, na saa za mchana ziachiwe kunyoosha viungo na kata kwa mwendo wa taratibu.

Na kwa kina dada: WKF inaruhusu hijabu, kwa sharti kwamba ni ya kitambaa cheusi kisicho na pini na iliyoidhinishwa. Pini ndiyo hatari. Kumfukuza msichana mkekani kwa sababu ya kujifunika hakuna msingi wowote wa kitabibu, na naomba jambo hilo lisifanywe tena kwa kisingizio cha usalama.

Sasa twende mbele. Takwimu zote nilizotaja zimetoka mbali na hapa. Isiolo haimo, na haitaingia mpaka tuiandike sisi. Napendekeza daftari moja kwa kila mashindano, likae kwa mhudumu wa afya na si kwa sensei yeyote. Kila jeraha mstari mmoja, bila jina la mtoto: umri, msichana au mvulana, kundi la uzito, sehemu iliyoumia, aina ya jeraha, limetokana na ngumi, teke au kuanguka, refa alitoa onyo au hakutoa, na mtoto aliendelea, alitolewa au alipelekwa hospitali. Safu ile ya onyo msiiache wazi, ndiyo itakayotuambia kama kanuni zinafanya kazi hapa. Kabla ya pambano la kwanza, yahesabiwe mapambano yote yaliyopangwa, kwa kuwa majeraha 10 katika mapambano 50 si sawa na majeraha 10 katika 200.

Mwisho wa mwaka masensei, marefa na watu wa hospitali tukae meza moja tulisome daftari hilo kwa sauti. Likionyesha kwamba pua nyingi zinapasuka kwenye kundi fulani la umri, tubadilishe kanuni za mashindano yetu ya ndani msimu unaofuata, kisha tuhesabu upya. Nakala ya kurasa zake ipelekwe kwa shirikisho la taifa, ili anayepanga semina za marefa Nairobi ajue kwamba huku kaskazini pia kuna mikeka inayohitaji marefa waliofunzwa.

Nimechapisha ukurasa wa mfano, na nakala ziko mezani karibu na mlango. Kila dojo ichukue mbili, na wauguzi watatu walioahidi kushika zamu waandike majina yao kwa katibu. Bwana Mwenyekiti, tuna kama nusu saa kabla ya adhana ya magharibi. Nakaribisha maswali.